SOMO LA SOKO LA ARDHI: Mji Mpya Mlingotini au Jiji Kutambaa hadi Bagamoyo?

Katika ukurasa huu tumezoea kutazama bei za mahindi, mchele, saruji na hisa. Wiki hii tunatoka kidogo sokoni na kuingia shambani, kwa sababu fedha za wafanyabiashara wengi wadogo haziko benki wala kwenye hisa. Ziko ardhini. Mwenye duka Kariakoo akipata faida ya mwaka, jambo la kwanza analofikiria ni kiwanja. Na kwa miaka mingi sasa dalali anapomshika mkono, humpeleka upande mmoja, barabara ya Bagamoyo. Wanapita Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege na Kiromo, na mwisho dalali ananyoosha kidole upande wa bahari na kusema: "Kule ndiko Mlingotini. Bandari inakuja, na mji mpya unakuja. Nunua leo."

Somo letu ni kuyapima maneno hayo. Je, mji mpya uliopangwa ni bora kuliko jiji kutambaa lenyewe? Kama ni bora, nani hupata faida yake, na lini? Na mtu mwenye sh. milioni 10 afanye nini?

JIJI LINALOTAMBAA

Tuanze na hali ilivyo. Sensa ya 1988 ilihesabu watu milioni 1.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2002 walikaribia milioni 2.5, mwaka 2012 wakawa milioni 4.36, na mwaka 2022 milioni 5.38. Hii ina maana kwamba katika miaka 34 watu wameongezeka karibu mara nne.

Si kweli kwamba jiji hili halikuwa na mipango. Lilikuwa na mpango mkuu wa 1949, wa 1968 na wa 1979. Ila mipango ilikwenda polepole na watu walikwenda haraka. Mtu alipoona kiwanja cha serikali hakipatikani, alikwenda kwa mwenye shamba, wakaandikiana mbele ya mjumbe, akaanza kufyatua matofali. Hivyo sehemu kubwa ya wakazi wakajikuta katika makazi yasiyopimwa.

Jiji linapotambaa hivi hufuata barabara kuu, kwanza kando ya lami, kisha nyuma yake kwenye vichochoro. Mwanzoni kila mtu anaona amepata nafuu, maana kiwanja ni kikubwa, bei ni ndogo na hakuna urasimu. Gharama huja baadaye, na huja kwa kila mtu peke yake. Mmoja anachimba kisima, mwingine ananunua boza la maji, mwingine analipa nguzo tano za umeme ili waya umfikie. Anayefanya kazi mjini anaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala.

Tufanye hesabu moja rahisi ya mfano. Tuseme tuna familia 1,000. Katika mtaa wa kwanza kila familia ina kiwanja cha mita 40 kwa 40. Katika mtaa wa pili kila moja ina mita 20 kwa 20. Nyumba zinatazamana, kwa hiyo kila kipande cha barabara kinahudumia nyumba mbili.

Mtaa wa kwanza: kila nyumba inahitaji mita 20 za barabara na bomba. Jumla ni kilomita 20.
Mtaa wa pili: kila nyumba inahitaji mita 10. Jumla ni kilomita 10.

Tuseme bomba la maji linagharimu sh. 30,000 kwa mita. Mtaa wa kwanza utahitaji sh. milioni 600, sawa na sh. 600,000 kwa familia. Mtaa wa pili utahitaji sh. milioni 300, sawa na sh. 300,000 kwa familia. Ongeza hapo nguzo za umeme, mitaro, lami na gari la taka, uone tofauti inavyokua. Na viwanja vya mtaa wa kwanza vimekula hekta 160, vya mtaa wa pili hekta 40 tu, bila kuhesabu barabara.

Kwa ufupi, kutambaa kuna bei, lakini bei hiyo haimo katika karatasi ya mauzo. Ni deni analorithi mnunuzi.

HOJA YA MJI MPYA

Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao, alitoa kitabu chenye pendekezo lifuatalo. Badala ya London kuendelea kuvimba, ijengwe miji midogo mipya mbali kidogo na jiji, kila mmoja ukiwa na viwanda vyake, maduka yake, nyumba zake na mashamba ya kuuzunguka. Mji wa kwanza, Letchworth, ulianza 1903. Welwyn ukafuata 1920. Baada ya vita, serikali ya Uingereza ikatunga sheria ya miji mipya ya 1946, na Stevenage ukawa wa kwanza chini ya sheria hiyo. Milton Keynes ulitangazwa 1967.

Mfanyabiashara asikimbilie kutazama bustani na majumba. Atazame hesabu iliyokuwa chini yake. Ardhi hununuliwa ikiwa shamba, kwa bei ya shamba. Watu na viwanda vinapohamia, bei ya ardhi ile ile hupanda mara nyingi. Howard alitaka ongezeko hilo lisiende mfukoni mwa walanguzi, bali libaki kwa mji wenyewe, na lilipe barabara, maji, shule na hospitali. Hiyo ndiyo siri yote ya mji uliopangwa: aliyeanzisha mji ndiye anayemiliki ardhi, na kupanda kwa thamani ndiko kunakolipa miundombinu.

Sharti la pili ni subira. Wenye hisa wa Letchworth waliahidiwa gawio lisilozidi asilimia 5 kwa mwaka, na walikaa takribani miaka kumi kabla ya kuona gawio la kwanza. Mji ulifaulu, lakini mwenye haraka angekuwa amekwishauza hisa zake.

Sharti la tatu ni kazi. Mji mpya usio na ajira ni bweni tu. Watu watalala pale na kurudi kila asubuhi jijini, na msongamano utabaki ule ule.

TUMEKWISHAJARIBU

Tusidhani miji mipya ni jambo la Ulaya. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa mji mpya uliopangwa. Katika miaka ya 1860 Sultan Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji na bandari karibu na kijiji cha Mzizima, akitaka biashara ya bara ipitie hapo. Alipofariki 1870 mrithi wake Barghash hakuendelea na kazi, na majengo yakaanza kuchakaa. Mfanyabiashara aliyekuwa ameweka mtaji wake pale kwa kumtegemea Sultan alisubiri karibu miaka 17, mpaka Wajerumani walipofika 1887. Mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa bandari ya Dar ilikuwa na kina na kinga, na ya Bagamoyo ilikuwa na maji mafupi.

Hapo kuna mafunzo mawili. Mji mpya unaotegemea mtu mmoja husimama pale mtu huyo anapoondoka. Na kina cha maji kina nguvu kuliko umaarufu wa mji.

Mfano wa pili ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamia huko ulifanyika 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Mpango mkuu ukakamilika 1976. Hata hivyo wafanyakazi wa serikali kwa wingi wao walianza kuhama baada ya tangazo la 2016, yaani zaidi ya miaka 40 baadaye. CDA yenyewe ikavunjwa 2017. Aliyenunua 1976 hakukosea mahali. Alikosea saa.

Mfano wa tatu ni Kigamboni. Mwaka 2008 eneo lilitangazwa kuwa la mji mpya, na baadaye ukaundwa wakala maalumu wa kuuendeleza. Wakati mipango ikichorwa, wenyeji walizuiwa kuendeleza maeneo yao. Nyumba iliyokuwa inavuja haikuezekwa, na kiwanja kilikuwa kigumu kuuzika. Baadaye mpango ulipunguzwa na wakala ukafutwa. Cha ajabu ni kwamba kilichobadili biashara ya Kigamboni hakikuwa ule mchoro mkubwa, bali daraja lililofunguliwa Aprili 2016.

Mfano wa nne ni mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka wa fedha 2002/03. Serikali ilitumia mkopo kutoka Hazina kulipa fidia, kupima na kuchonga barabara katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Tuangoma na Buyuni, kisha viwanja vikauzwa ili mkopo urudi na fedha zizunguke. Viwanja vilivyopimwa vilizidi idadi iliyotajwa. Kwa hesabu za fedha mradi ulijitegemea, jambo ambalo ni nadra. Kasoro zake zilikuwa mbili. Maji na umeme vilichelewa katika baadhi ya maeneo, na wanunuzi wengi waliweka viwanja kama akiba badala ya kujenga, kwa hiyo mitaa iliyopimwa ikakaa na majani huku makazi holela ya jirani yakijaa watu. Mchoro peke yake haujazi mji.

SASA TUJE MLINGOTINI

Mlingotini ni kijiji cha pwani kusini ya mji wa Bagamoyo, jirani na Mbegani kilipo chuo cha uvuvi. Kina ghuba tulivu, mikoko, minazi, wavuvi, na kinamama wanaolima mwani. Maji yakitoka, wanaingia na kamba na mambo zao. Maji yakijaa, wanarudi na mafungu ya kuanika.

Kijiji hiki kiliingia katika ramani kubwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni eneo maalumu la uchumi la Bagamoyo, ambalo lilitengewa hekta zaidi ya 9,000 katika vijiji vya ukanda huo, na uthamini wa mali za watu kwa awamu ya kwanza ulifanyika 2008. Ya pili ni bandari. Machi 2013, wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping, Tanzania na kampuni ya China Merchants zilisaini makubaliano ya awali. Baadaye mfuko wa serikali ya Oman ukaingia. Gharama iliyotajwa kwa mradi mzima ilifikia dola bilioni 10. Tarehe 16 Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi.

Mwanzoni mwa 2016 mradi ukasimamishwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba masharti yake hayakubaliki, akitaja dhamana ya miaka 33 na ukodishaji wa miaka 99. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kufufuliwa kwa mazungumzo. Wakati huo huo bandari ya Dar es Salaam iliongezwa kina cha magati yake kwa mradi ulioanza 2017. Miaka kumi kamili baada ya jiwe la msingi, yaani Oktoba 2025, hapakuwa na meli ya makontena iliyotia nanga Mlingotini.

Hatusemi bandari haitajengwa. Tunasema kalenda ya bandari si kalenda ya mfuko wako. Hebu tufanye hesabu. Tuseme ulinunua shamba kwa sh. milioni 10 mwezi ule wa jiwe la msingi. Tuseme vile vile kwamba fedha hizo ungeziweka mahali salama zingezaa asilimia 10 kwa mwaka, na faida ikaongezwa kwenye mtaji. Baada ya miaka kumi ungekuwa na sh. milioni 25.9. Kwa hiyo shamba likiuzwa sh. milioni 20, dalali atakupongeza kwa kupata mara mbili, lakini kwa kweli umepata hasara ya sh. milioni 5.9, kabla hujalipa mlinzi, kodi na nauli za kwenda kuangalia bikoni.

NANI HULIPWA, NA KWA NINI INATUHUSU

Msomaji anaweza kusema fidia ni shauri la wanakijiji. Sivyo. Mji mpya unasimama au kuanguka hapo.

Tulisema faida ya mji mpya ni kununua ardhi kwa bei ya shamba. Bei hiyo ikiwa ya haki na ikilipwa mara moja, mji unaanza vizuri. Ikiwa ndogo au ikichelewa, mwenye shamba hufanya mambo mawili: huuza kimya kimya kwa mtu wa tatu, au hujenga haraka haraka ili alipwe zaidi. Yote mawili hurudisha kule kule kutambaa tulikokuwa tunakukimbia.

Sheria za ardhi za 1999 zinakubali kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni zinahesabu thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, malazi na hasara ya faida, na malipo yakichelewa kupita miezi sita yanazaa riba. Ni maandishi mazuri. Lakini fikiria mama anayelima mwani. Mambo zake zimechomekwa baharini, hazina hati wala bikoni. Nyumba yake itathaminiwa, minazi yake itahesabiwa, na bahari je? Akihamishiwa kilomita kumi ndani ya nchi kavu, atakuwa amelipwa nyumba na kupoteza kazi. Mji unaoanza kwa kuwanyima kazi wakazi wake wa kwanza umeanza na hesabu mbaya, kwa sababu hao ndio wateja wa kwanza wa duka lako.

Njia ipo, na haihitaji mabilioni. Wenyeji wabakiziwe viwanja ndani ya mji mpya, ili thamani inapopanda nao wapande nayo. Ukanda wa ghuba uachwe kwa uvuvi na mwani. Barabara kuu na bomba vitangulie nyumba. Bomba kubwa la Ruvu Chini linatoka Wilaya ya Bagamoyo hiyo hiyo kupeleka maji Dar es Salaam, kwa hiyo maji si ya kutafutwa mbali. Na mji ujengwe kwa vipande vidogo vinavyokamilika, kila kipande na soko lake na shule yake, kuliko mchoro mmoja mkubwa unaosubiri mwekezaji mmoja.

MIZANI YA SOKO

Maoni ya ukurasa huu ni kwamba mji uliopangwa ni bora kuliko kutambaa, lakini tangazo la mji si mji. Kwa mwenye mtaji mdogo tunashauri yafuatayo.

1. Uliza hadhi ya ardhi kwanza. Ni ardhi ya kijiji, ya jumla au ya hifadhi? Mikoko ni hifadhi ya misitu, na ndani ya mita 60 kutoka bahari inapojaa hairuhusiwi kujenga bila kibali. Ukionyeshwa "kiwanja cha ufukweni" cha bei rahisi, kumbuka hilo.

2. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja mkononi, utazame mchoro wa mipango miji. Kama shamba limo ndani ya eneo lililotengwa kwa mradi, unanunua haki ya kungoja fidia, si kiwanja.

3. Fuata bomba, nguzo na daladala, usifuate hotuba. Kigamboni ilifundisha kwamba daraja moja lina uzito kuliko michoro kumi.

4. Fanya hesabu ya miaka kumi, si ya miaka miwili. Kama fedha hizo ni mtaji wa duka au ada ya watoto, usiziweke kwenye ardhi ya kungojea bandari.

5. Kumbuka kuna njia nyingine za kushiriki. Nyumba ikijengwa Mapinga au Mlingotini, kwa mpango au bila mpango, itahitaji saruji, nondo, mabati, chakula cha mafundi na usafiri. Mwenye bohari ndogo ya vifaa Kerege anaingiza fedha kila siku, wakati mwenye shamba lenye majani anasubiri. Hata mwenye hisa za kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006, hana haja ya kujua ni mtaa upi utajengwa kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Familia 500 zina viwanja vya mita 30 kwa 30, nyumba zikitazamana. Zinahitaji kilomita ngapi za bomba? (Jibu: 7.5.)

(b) Taja masharti matatu yanayofanya mji mpya ufaulu. (Umiliki wa ardhi unaorudisha ongezeko la thamani kwa mji, subira ya mtaji, na ajira.)

(c) Dalali anakwambia bei imepanda mara mbili kwa miaka kumi. Utamuuliza nini? (Muulize fedha hizo zingekuwa ngapi zingekuwa kwingine, na muulize nani aliyenunua kwa bei hiyo mpya, kwa fedha taslimu, mwezi uliopita.)

Swali la mwisho ndilo kubwa. Ukilikosea hilo, mengine hayatakusaidia. Wiki ijayo tutarudi kwenye bei za nafaka.